Mteja hununua alichokiona

Huenda wewe ni mmoja wa kikundi chenye kitalu cha miche ya matunda. Kazi ya kitalu unaijua. Unachanganya udongo na samadi, unajaza viriba, unapanda mbegu, unamwagilia asubuhi na jioni. Mvua zinapokaribia miche iko tayari. Hapo huanza kazi ya pili, nayo ni kuuza. Kazi hiyo wengi wetu hatukufundishwa.

Nenda usimame barabarani. Kitazame kitalu chako kama vile ni cha mtu mwingine. Unaona nini? Unaona viriba vimepangwa, na katika kila kiriba kuna kijiti chenye majani. Mwembe uliobebeshwa ni kijiti. Mwembe uliooteshwa kwa kokwa tu ni kijiti pia. Ukimwambia mpita njia kwamba mche mmoja ni shilingi 3,000, anashangaa. Kokwa za embe zimejaa jalalani, tena ni za bure! Anakuaga kwa heshima na kuendelea na safari yake.

Na miche haingoji. Mche ukikaa mno katika kiriba, mizizi hufika chini na kuanza kujizungusha. Mche wa namna hiyo hata ukipandwa shambani hudumaa. Kwa hiyo mche usiouzwa msimu huu si akiba ya mwakani. Ni hasara inayokuja polepole.

Mimi nami nimewahi kuwa mteja. Nilinunua miche 6 ya maembe kwa mtu aliyeniambia kuwa ni dodo iliyobebeshwa. Hapakuwa na mwembe hata mmoja mahali pale. Niliamini maneno. Niliichimbia mashimo, nikaimwagilia wakati wa kiangazi, nikaizungushia miiba mbuzi wasiile. Mwaka wa nne hakukuwa na ua. Mwaka wa saba yakatoka maembe madogo yenye nyuzi nyingi. Fedha za kununua miche zilikuwa kidogo. Kilichoniuma ni ile miaka saba, maana hakuna duka linalouza miaka. Tangu siku hiyo, nikiingia kitalu chochote swali langu la kwanza ni hili: mti mama uko wapi?

Bustani ya maonyesho ni jibu la swali hilo. Ni kipande cha ardhi mbele ya kitalu, ambamo mmepanda ardhini miti ile ile mnayoiuza. Mteja anauona mti ukiwa mkubwa, analiona tunda, akitaka analionja. Hapo bei ya mche haimshangazi tena.

Kwanza, mahali. Bustani iwe upande wa barabara ili wapita njia waione. Lakini msipande ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa hapa Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Barabara ndogo zina vipimo vyake, kwa hiyo ulizeni kwanza ofisi ya kijiji. Mwembe huchukua miaka kukua, na ni vibaya kuja kuona umepigwa alama ya X siku unapoanza kuzaa.

Sasa mpange miti. Mifupi iwe mbele na mirefu iwe nyuma, ili mtu aliye barabarani aione yote kwa mara moja. Wengi hukosea hapa. Hupanda mwembe mbele kabisa, na baada ya miaka michache mwembe huo unakificha kitalu kizima.

Anzeni na mimea inayozaa mapema, kwa sababu bustani isiyo na tunda haiwezi kumsimamisha mtu. Mpapai huanza kutoa mapapai ndani ya mwaka mmoja au karibu na hapo. Pandeni miche mitatu kila shimo. Ikitoa maua mtaijua ile dume, muing'oe na kubakiza mmoja unaozaa. Pesheni nayo haichelewi. Ijengeeni chanja juu ya njia ya kuingilia, matunda yaning'inie juu ya kichwa cha mteja. Tena atapata kivuli. Wekeni benchi pale na mtungi wa maji ya kunywa. Mteja aliyeketi huuliza maswali, na anayeuliza maswali mara nyingi haondoki mikono mitupu.

Nyuma ya hapo ndipo mahali pa somo kubwa. Pandeni miembe miwili siku moja, mmoja wa kokwa na mmoja uliobebeshwa. Ipeni samadi sawa na maji sawa. Msiupendelee wowote. Uliobebeshwa ukitunzwa vizuri huanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu au wa nne. Mwenzake wakati huo huwa bado ni majani tu. Mteja akiona miti hiyo miwili, huna haja ya kusema sana. Lakini maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondoeni, hata kama mnatamani kuwaonyesha watu tunda. Mti mchanga ukizaa mapema mno hukosa nguvu ya kukua.

Mwembe huo uliobebeshwa una faida nyingine. Ukishakua mtakata vikonyo vyake, yaani vijiti vya kubebeshea miche mingine. Hapo mnaweza kumwambia mteja bila kusita, 'Mche huu umetoka kwa mti ule.' Miche ya kuuza iwekeni karibu na mti wa aina yake. Njia nayo iwe na upana wa kupitisha baiskeli, nayo impitishe mteja kwenye miti kabla hajafika mahali pa kulipia.

Kila mti uwe na kibao. Kipande cha bati na rangi kidogo vinatosha. Andikeni jina la aina, tarehe ya kupandwa, nafasi kati ya mti na mti, na bei ya mche. Kazi hii wapeni wanakisomo wenyewe. Kibao kikubwa cha barabarani mkiandike, kisha mmoja wenu avuke ng'ambo akisome kwa sauti. Akishindwa, ongezeni ukubwa wa herufi.

Uzio uwe wa michongoma, nayo miche yake iuzwe. Upande mmoja upunguzwe vizuri kwa panga, ili watu waone ua unavyopendeza ukitunzwa. Na kila asubuhi, kabla ya jambo jingine, ondoeni mche uliokauka. Mteja huuona huo kabla ya ile mizima mia moja.

MAZOEZI

1. Kwa nini mche uliokaa muda mrefu katika kiriba hauwezi kuwa akiba?

2. Bustani ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Lango lina upana wa mita 3. Ua wa michongoma utakuwa na urefu wa mita ngapi? Mkipanda mche mmoja kila sentimita 30, mtahitaji miche mingapi?

3. Andika kibao cha mpapai. Mpe mwenzako akisome, kisha akuambie ni jambo gani mteja atauliza ambalo hukuliandika.