Mlima Kutoka Getini kwa Bibi



Leo tujifunze kwa kutumia kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni, yaani simu. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Mwanzo sura ya 1 yote. Usiharakishe. Hesabu ni mara ngapi Mungu anatazama alichokifanya na kuona kwamba ni chema. Utapata mara 7. Mimi nilikuwa nimeisikia sura hiyo tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, lakini hilo neno la kutazama lilinipita kabisa mpaka nilipopewa kazi ya kupiga picha.

Kwetu ni Uru, juu ya mji wa Moshi. Ukisimama getini kwa bibi ukaelekea kaskazini, unaona migomba, halafu miti, halafu Kibo. Mwaka juzi vijana wa kigango chetu tuliamua kutengeneza kalenda ya kuuza ili tupate hela ya viti vya ukumbi. Picha 12, moja kwa kila mwezi, zote za hapa hapa nyumbani. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu tu simu yangu ndiyo iliyokuwa na kamera nzuri kidogo. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Jamani, mlima hauonekani kila siku! Wapo wageni wanaokaa Moshi siku tatu wanaondoka bila kuuona. Asubuhi mapema, saa 12 na nusu hivi, unakuwa wazi. Kufika saa 4 mawingu yameshapanda kutoka msituni na kuufunika. Jioni wakati mwingine unafunguka tena kwa dakika chache kabla ya giza. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho picha zilinifundisha ni kuamka. Nikawa nasali sala ya asubuhi pale pale getini nikisubiri mwanga. Kusema kweli, siku nyingine nilianza kusali kwa sababu tu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

Kitu cha pili ni jua. Tunaishi kusini kidogo ya Ikweta, na wengi tunadhani jua letu linapita njia ile ile mwaka mzima. Hapana. Mwezi wa 6 jua linapita upande wa kaskazini, yaani nyuma ya mlima ukiwa umesimama kwetu. Ukipiga mchana unapiga kulielekea jua, na mlima unatoka kama kivuli cha kijivu. Mwezi wa 12 jua limehamia kusini, liko mgongoni kwako, na kila korongo la Kibo linaonekana. Mlima ni ule ule, geti ni lile lile, lakini ni picha mbili tofauti. Sikufundishwa hilo na mtu. Nililiona kwa sababu nilirudi mahali pamoja.

Masika nilitaka kukata tamaa. Kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 5 mvua inanyesha, mlima hakuna. Kwaresima ya mwaka ule karibu yote niliipitisha nikitazama ukuta mweupe wa mawingu. Bibi akaniambia, "Wewe unatazama mbali tu. Na hapa chini je?" Basi nikainama. Nikapiga mfongo wetu wa maji ukiwa umejaa, jani la gimbi lenye tone moja katikati, ndege chozi akinyonya ua la mgomba. Picha ya mwezi wa 4 ndiyo watu waliyoipenda kuliko zote, na haina mlima hata kidogo. Mwezi wa 7 ulikuwa baridi na ukungu, nikapiga wanawake wanakwenda Misa ya asubuhi na kanga mabegani. Mwezi wa 10 mijakaranda ya Moshi mjini ilichanua zambarau. Mwezi wa 11 mikrismasi ikaanza kuwaka nyekundu, nayo nikaiweka Desemba.

Kwa wale wanaotaka kujaribu: futa kioo cha kamera kwanza, maana mafuta ya vidole yanaharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Gusa skrini pale unapotaka paonekane vizuri, halafu punguza mwanga kidogo mpaka mawingu yarudi kuwa na umbo. Egemeza viwiko kwenye ukuta. Hayo yanatosha mwaka mzima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilianza kazi ile katikati ya Februari, kwa hiyo Januari sikuwa nayo. Na Januari ndiyo ukurasa wa kwanza, ndiyo inayouza kalenda. Nilikuwa na picha ya akiba ya Septemba, asubuhi safi, lakini Kibo kilikuwa mwamba wa kahawia wenye vipande vichache vya barafu. Nikachukua programu kwenye simu, nikaupaka mlima theluji. Nyeupe, nene, inashuka mpaka mabegani. Nikaiweka stetasi, wakaipenda balaa. Ndugu yetu aliyeko nje akaniandikia kwamba amefarijika, kumbe mlima bado mzima.

Jioni nikamwonyesha bibi. Aliishika simu kwa mikono miwili, akakaa kimya.

"Huu ndio mlima wa usichana wangu," akasema.

Nikafurahi, nikadhani nimesifiwa.

"Umeutoa wapi, mjukuu wangu? Mimi nikiamka siuoni hivi. Wakija watu wakaukuta vingine, waseme nani mwongo, wewe au mlima?"

Wapendwa, tangu 1912 hadi 2007 Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake. Hilo limepimwa na wanasayansi. Bibi hakulisoma popote, alilitazama kwa macho yake kutoka geti lile. Na mimi kwa dakika kumi za vidole nilikuwa nimemfutia.

Nilipofungua Katekisimu nilishangaa. Unajua uzuri na sanaa vimewekwa wapi? Chini ya amri ya nane, ile inayokataza kushuhudia uongo, namba 2500 hadi 2503. Ukweli na uzuri vimekaa chumba kimoja. Sisemi kwamba kurekebisha picha ni dhambi. Kamera haioni kama jicho, na mimi mwenyewe hupunguza mwanga ili picha ifanane na nilichokiona. Lakini theluji ile sikuiona. Niliitunga kisha nikawaambia watu, "Huu ndio mlima wetu."

Kwenye kikao cha vijana ilikuwa ngumu. Mhazini alikuwa ameshalipa kianzio kwa mchapaji. Mwenyekiti akasema, "Nani atajua? Kila mtu anatumia filta." Dada mmoja akauliza kama mlima usio na theluji utanunuliwa. Sikuwa na jibu la hilo, nikasema tu kwamba jina langu lisiwekwe. Tulibishana mpaka taa zikawashwa. Mwishowe tukaiweka ile ya Septemba kama ilivyotoka, na chini ya kila picha tukaandika mwezi ilipopigwa. Kalenda zilibaki kama thelathini, na viti tulivyonunua ni pungufu ya tulivyopanga. Wapo walionilaumu, nadhani bado wananilaumu kidogo.

Yule ndugu wa nje nilimwandikia pia. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko kikao.

Zoezi la kufanya: chagua mahali pamoja karibu na kwenu, dirisha, kisima, njia ya kanisani, popote. Piga picha moja kila wiki, saa ile ile, mpaka mvua zinazofuata zipite. Kabla ya kupiga, tazama kwa muda wa Baba Yetu moja bila kugusa simu. Halafu chagua picha moja unayoona aibu kuionyesha kwa sababu haipendezi, uipeleke kwenye jumuiya yenu, na mjiulize: ni kitu gani hapa tungependa kukifuta, na kwa nini?

Mimi bado naitafuta Januari yangu. Mwaka huu niliamka siku nne mfululizo, saa 11 na nusu, na siku zote nne mawingu. Bibi hutoka na chai, tunakaa kwenye jiwe la getini, tunasubiri.