Mama Alikuja Kliniki, Hakuna Aliyemwuliza



Tuanze somo letu kwa mfano. Mama mmoja wa miaka 38 ana watoto wanne. Tangu apate kifungua mimba amefika zahanati mara nyingi hata hawezi kuhesabu: kliniki ya waja wazito, kupima watoto uzito, chanjo, sindano ya kupanga uzazi, malaria. Kila mara alipiga foleni, akahudumiwa, akaenda zake. Halafu akaanza kutokwa na damu kila baada ya kulala na mumewe. Akaona aibu, akanyamaza miezi sita. Alipofika hospitali kubwa aliambiwa ni kansa ya mlango wa kizazi, na imeshaenea.

Je, kosa liko wapi? Wengi tutasema mama alichelewa. Ni kweli. Lakini miaka hiyo yote alikuwa mbele ya macho ya wahudumu, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Mama, umewahi kupimwa?"

Mfano huu ni wa kufundishia tu, lakini akina mama kama huyu ni wengi. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba hapa Kenya zaidi ya wanawake 3,000 walikufa kwa kansa hii mwaka huo mmoja. Hiyo ni karibu wanane au tisa kila siku.

KANSA HII HUANZAJE?

Karibu visa vyote huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Watu wengi sana huvipata wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Kwa hiyo mama akipatikana navyo, tusianze kunong'ona kwamba yeye au mumewe ni mwasherati. Virusi vinaweza kukaa kimya miaka mingi.

Visipotoka, huharibu ngozi ya mlango wa kizazi polepole. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia kansa. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imepungua, kama vile mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Wakati wote huo hasikii maumivu. Ndiyo sababu neno "mimi siumwi" halitoshi.

Kupimwa si jambo kubwa. Mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha huangalia. Mahali palipoharibika huwa peupe. Mara nyingi panaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto, kabla hapajawa kansa. Siku hizi kuna pia kipimo cha HPV, ambacho mama anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti chenye pamba. Kipimo hiki kinawafaa sana wale wanaoona haya.

MAMBO MATANO YA KUFANYA ZAHANATI

1. Mwulize kila mama. Kila mwenye miaka 30 hadi 49 aulizwe, hata kama ameleta mtoto mwenye kikohozi. Wenye virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25 na wapimwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari yao ni kama mara sita ya wengine. Maneno yawe ya upole:

"Mama, umewahi kupimwa kansa ya mlango wa kizazi?"
"Hapana sista. Kwani niko nayo?"
"Sijasema uko nayo. Tunaangalia mapema ndiyo isije. Ni dakika chache tu."

2. Mpime siku hiyo hiyo. Ukimwambia "rudi Alhamisi," umemwongezea nauli ya matatu na kumpotezea kibarua cha siku nzima. Wengi hawarudi.

3. Mtunzie heshima. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, au pazia zito. Ikiwezekana mhudumu awe mwanamke. Mweleze kila hatua kabla ya kumgusa.

4. Mwandike daftarini. Jina, umri, kijiji, tarehe, majibu, na simu. Halafu hesabuni vizuri. Tuseme eneo lenu lina akina mama 400 wa umri huo, na waliopimwa ni 60. Hiyo ni 15 katika kila 100. Msifurahie wale 60 mkasahau 340 waliobaki nyumbani. Na mama mmoja akipimwa mara mbili, bado ni mmoja. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha kwamba ifikapo 2030, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya miaka 45.

5. Mfuate aliyepatikana na shida. Kupima bila kutibu hakuokoi mtu. Kama anatumwa hospitali nyingine, mhudumu wa afya wa kijiji ajue siku yake na ahakikishe amefika. Lakini siri ni yake. Isitangazwe kanisani, hata kwa kisingizio cha maombi.

SEHEMU YETU SISI

Someni pamoja Marko 5:25-34. Yule mama alitokwa na damu miaka 12, akatumia mali yake yote, na bado alikuja kwa kujificha. Yesu hakumwaibisha. Alisimama njiani akamsikiliza mpaka akasema yote. Nasi tumpe mama nafasi ya kusema.

Viongozi wa umoja wa akina mama wapimwe kwanza, kisha wawaambie wenzao ilivyokuwa. Chama kinaweza kutenga pesa kidogo za nauli. Akina baba, nanyi mwambieni mama, "Nenda kesho, nitabaki na watoto." Na wasichana wa miaka 10 wapelekwe kwa chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019. Aliyechanjwa naye atahitaji kupimwa akiwa mtu mzima.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi waliowahi kuulizwa zahanati kama wamepimwa?
2. Ni jambo gani hasa linalotuzuia: aibu, nauli, hofu ya majibu, au mume?
3. Kabla ya mkutano ujao, ni akina nani wawili au watatu watakaoandamana kwenda kupimwa? Chagueni siku kabla hamjafunga kwa sala.