Pia ya Sukari: Somo la Fuwele Jikoni

Kwa karne nyingi, hadi karne ya 19, sukari katika Ulaya na Marekani iliuzwa ikiwa bonge gumu lenye umbo la pia, lililofungwa kwa karatasi ya buluu ili lionekane jeupe zaidi. Mwenye nyumba aliimega kwa koleo maalumu. Huko Moroko na Irani pia hizi zingali zikitumika, hasa katika sherehe za ndoa. Na Marekani wako watu wanaozitengeneza nyumbani ili kupamba vyumba kwa mtindo wa kale. Katika somo hili tutatengeneza moja na kueleza sayansi yake.

Asili ya umbo hilo

Juisi ya miwa iliyochemshwa ilimiminwa katika chungu chenye umbo la pia, kilichosimamishwa ncha ikiwa chini. Nchani palikuwa na tundu. Fuwele zilipojengeka, molasi, yaani shira nyeusi isiyoganda, ilichuruzika kupitia tundu hilo. Kisha udongo wa mfinyanzi uliolowa uliwekwa juu. Maji yake yalipenya polepole na kuosha molasi iliyozigandama fuwele. Kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa. Ndiyo sababu kitako cha pia kilikuwa cheupe kuliko ncha.

Weupe huo ulilipiwa kwa jasho la wengine. Sehemu kubwa ya sukari iliyoliwa Ulaya katika karne ya 18 ilitoka visiwa vya Karibi, ilikozalishwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Kuanzia mwaka 1791 watu wengi wa Uingereza waliisusia sukari hiyo. Anayeipamba meza yake kwa pia ya sukari yafaa alijue hilo.

Vifaa

Sukari nyeupe gramu 500, maji vijiko vinne vya chai (mililita 20), karatasi ngumu, gundi ya karatasi, sahani bapa.

Utaratibu

1. Kata karatasi iwe nusu duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 14. Ikunje iwe pia, kingo zikutane, kisha uzifunge kwa gundi.
2. Nyunyizia sukari maji kidogo kidogo huku ukiichanganya, mpaka ifanane na mchanga uliolowa.
3. Jaza pia, ukishindilia kila tabaka kwa nguvu, hasa nchani.
4. Funika kwa sahani, pindua, kisha inua karatasi taratibu.
5. Acha ikauke mahali penye hewa kavu kwa siku mbili. Miguu ya meza itiwe katika makopo ya maji ili kuwazuia sisimizi.

Maelezo

Kwa halijoto ya nyuzi 20 za Selsiasi, gramu 100 za maji huyeyusha takribani gramu 200 za sukari. Kwa hiyo gramu 20 za maji zitayeyusha takribani gramu 40 tu. Gramu 460 zilizosalia hubaki chenga, nao myeyusho hukaa pale chenga zinapogusana. Maji yanapovukizwa, sukari iliyoyeyuka huganda tena na kuwa madaraja ya fuwele yanayozishikanisha chenga hizo. Hakuna gundi nyingine: sukari hujifunga kwa sukari.

Maji yakizidi, pia itabomoka. Yakipungua, madaraja yatakuwa dhaifu.

Kanuni hiyohiyo ilimsaidia Jakub Kryštof Rad. Mwaka 1843, katika mji wa Dačice ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, alipata hataza ya kushindilia sukari yenye unyevu iwe vipande vidogo vya mraba. Baadaye mashine zenye kuzunguka kwa kasi zilitenga molasi kwa muda mfupi, na chungu cha pia kikaachwa.

Maswali

1. Kwa kutumia kanuni ya Pythagoras, onyesha kwamba kimo cha pia yako ni karibu sentimita 12.
2. Ni gramu ngapi za maji zingetosha kuyeyusha sukari yote ya jaribio hili?
3. Tengeneza pia ya pili kwa vijiko viwili vya maji. Linganisha ugumu wa pia hizo mbili, kisha eleza sababu.