Kompyuta Inapokwama Baada ya Kusasishwa

Lengo: Mwisho wa somo mwanachuo aweze kuokoa kazi yake kabla ya kuishughulikia mashine.

Utangulizi: Mwalimu aliyepangiwa Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, huenda akalazimika kumfuata fundi Kigoma kwa mashua. Basi kinga itangulie. Mnamo Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha toleo jipya la Windows 10, kwani lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Mwenye nakala mahali pengine aliweza kuyarejesha.

Hatua:
1. Kabla ya kusasisha, nakili alama za wanafunzi katika flashi na katika daftari. Betri iwe imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mfumo endeshi waweza kuharibika.
2. Mashine ikikwama, chomoa vifaa vya nje, kisha iwashe upya.
3. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa, kwa kawaida huleta ukurasa wa matengenezo. Chagua kuondoa sasisho la mwisho.
4. Usikubali kufuta diski kabla ya kuokoa kazi.

Zoezi: Wawili wawili, mmoja ataje dalili, mwenzake aeleze hatua na sababu yake.

Hitimisho: Mashine hununuliwa nyingine, alama za muhula zikipotea, anayeumia ni mtoto.