Zinki Isipoliwa, Kuna Kingine Kinacholiwa

Bamvua moja nilipandisha boti pwani, nikainama nyuma ya injini ya kupachika, nikakuta zinki iko vilevile nilivyoifunga. Kona zake zote zimesimama. Nikafurahi. Kisha nikapitisha kidole kwenye mguu wa injini, juu kidogo ya propela. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Nilipoigusa ikapukutika, na chini yake pana unga mweupe na vishimo vya kuingia kichwa cha msumari. Miezi 6 zinki ilikaa bure, aluminiamu ndiyo iliyoliwa. Na kosa ni langu: siku ya kupaka boti rangi niliipaka na zinki pia, ipendeze.

Metali mbili za aina tofauti zikigusana, au zikiunganishwa kwa waya, na zote zimo kwenye maji ya chumvi, umeshatengeneza betri. Umeme unapita, na metali iliyo dhaifu inalipa kwa mwili wake. Kwa metali za kwenye boti, mpangilio wa udhaifu ni huu: magnesi, zinki, aluminiamu, chuma, shaba, stenlesi. Iliyotangulia huliwa ili iliyo nyuma yake ipone. Zinki imewekwa pale ife.

Waingereza walijifunza hili kwa hasara. Mwaka 1761 waliifunika manowari ya HMS Alarm kwa mabati ya shaba nyekundu, kuzuia wadudu watobozi wa mbao. Shaba ilikuwa pana, misumari ya chuma ilikuwa midogo, ikaliwa ikawa kama uji wa kutu na mabati yakaanza kuachia. Lakini palipobaki karatasi ya kaki kati ya shaba na msumari, msumari ulikuwa mzima. Mafundi wa mitepe ya visiwa vya Lamu, waliokuwa wakishona mbao kwa kamba za makumbi, hawakuwa na mashaka haya. Sisi tumeshaingia kwenye boliti na injini.

Karatasi ile ya kaki bado ina kazi. Boliti ya stenlesi ikiingia kwenye aluminiamu, itie grisi nzito kwenye nyuzi na uweke washa ya nailoni chini ya kichwa. Usitumie boliti ndogo ya chuma kufunga kipande kikubwa cha shaba. Kidogo kinachozungukwa na kikubwa huliwa upesi.

Kwa zinki, mambo ni kinyume: hapo unataka igusane na metali kwa metali. Kwangua rangi na kutu mahali inapokaa mpaka metali ing'ae, kisha ikaze barabara. Azima mita ya fundi umeme, shika ncha moja kwenye zinki na nyingine kwenye mwili wa injini: isomeke chini ya omu 1. Ikizidi, fungua usafishe tena. Ikiliwa nusu, badilisha, usingoje iishe. Na tafadhali, isiguswe na brashi ya rangi. Rangi ya kuzuia makome yenye shaba nayo usiipake kwenye mguu wa aluminiamu. Utakuwa umemfungia adui ndani.

Ukiegesha, injini iwe yote majini au yote juu. Ikining'inia nusu, zinki ikawa hewani na mguu majini, hakuna wa kuulinda.

Zinki ni ya baharini. Kwenye maji baridi, mathalani Ziwa Victoria, hujijengea ganda na kulala. Kule hufaa magnesi. Ukiichukua magnesi hiyo ukaingia nayo baharini, itayeyuka upesi sana. Anayefanya kazi kwenye midomo ya mito, maji yakichanganyika, atafute kipande cha aloi ya aluminiamu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Wenye vyombo vya mbao wana la kwao. Zinki zikizidi, mbao zinazozunguka metali hulainika na kuoza, kwa hiyo usizipange kama vifungo vya kanzu. Koki na viungo vya chini ya maji viwe vya shaba nyeusi. Shaba ya manjano baharini hupoteza zinki iliyomo ndani yake: ikwangue kwa kisu, na ukiona rangi ya waridi badala ya manjano, itoe kabla haijavunjika mkononi mwako mkiwa mbali na nchi kavu.

Na zinki mpya ikiisha kwa wiki chache, usimlaumu muuza duka kwanza. Angalia waya za pampu ya ngamani. Kiungo kilichochunika kikilala kwenye maji ya ngama hurusha umeme wa betri, na huo hula kwa kasi kuliko chochote nilichoeleza hapa. Inua viungo vyote juu ya maji, na uzime swichi kuu ukiondoka chomboni.

Zinki yangu ya sasa imebaki kama kipande cha sabuni ya mwisho wa mwezi. Bamvua ijayo naitoa.