Karani wa Telegrafu Alisikiaje Nukta na Mistari?

Ukitoka Loitokitok kwa barabara ya Kimana hadi Emali, unaikuta reli ya zamani ya Mombasa. Reli hiyo ilijengwa pamoja na nyaya za telegrafu, na stesheni zilipashana habari kwa herufi za Morse. Wengi wanazijua nukta na mistari, ila chombo kilichokuwa mezani kwa karani aliyezipokea hakijulikani sana.

Kiini chake ni sumaku-umeme: waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma laini. Karani wa mbali akibonyeza swichi, chuma kinageuka sumaku na kuvuta mkono wa chuma ulio juu yake. Tak! Akiachia, springi inaurudisha. Tak! Milio ikifuatana upesi ni nukta; ikichelewana ni mstari. Mashine za mwanzo zilichora alama kwenye utepe wa karatasi, lakini makarani walizoea kusikiliza huku wakiandika, na utepe ukaanza kuachwa.

Shida ilikuwa umbali. Umeme uliosafiri kilomita nyingi hufika hafifu, hauwezi kugonga chuma kikasikika. Ndipo ikatumika rilei, kifaa ninachokistahi kuliko vyote hapa. Koili yake ina mizunguko mingi ya waya mwembamba, hata umeme kidogo unatosha kuvuta mkono wake wa chuma. Mkono huo ukivutwa unaunganisha betri iliyopo hapohapo stesheni, na betri hiyo ndiyo inayogonga. Kwenye kebo ndefu za baharini, kama ile ya Aden iliyofika Zanzibar mwaka 1879, vilihitajika vyombo vyepesi zaidi kuhisi umeme hafifu.

Walimu wa sayansi wanaweza kuonyesha haya darasani. Chukua msumari wa inchi 4, uzungushie waya wa shaba wenye vanishi mara 150 hivi, kisha kwangua vanishi kwenye ncha zote mbili. Unganisha betri mbili za tochi na swichi. Juu ya kichwa cha msumari weka ukanda wa mkebe wa bati uliobanwa upande mmoja, ukiacha upenyo wa milimita 2. Bandika karatasi kichwani mwa msumari, maana msumari hubaki na usumaku kidogo na ukanda unaweza kunata. Bonyeza kwa muda mfupi tu. Waya hupata moto na betri huisha. Umeme wa soketi usiguswe kamwe kwa kazi hii.