Hojaji ya Saikolojia Haitafsiriwi kwa Kamusi

Leo tunazungumzia jambo ambalo mafrateri hulikuta wanapoandika tasnifu, na waamini hulikuta pale kijana mwenye kalamu na karatasi anapobisha hodi baada ya Misa: hojaji ya saikolojia. Ni ile karatasi inayouliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, huzuni na kukata tamaa. Majibu hupewa alama, alama hujumlishwa, na mwishoni husemwa kwamba vijana kadhaa wa parokia wana sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Sisi tunaosoma falsafa tunajiuliza: namba hiyo imepima nini hasa? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu chenyewe. Hojaji iliyotungwa mbali, kisha ikatafsiriwa usiku mmoja kwa kamusi, inaweza kuleta namba safi isiyolingana na kitu chochote kilichomo ndani ya mtu aliyeulizwa.

Watafiti hutofautisha mambo mawili hapa. Uthabiti ni pale maswali ya hojaji yanapokwenda pamoja. Kipimo kinachotumika sana ni alfa ya Lee Cronbach, ya mwaka 1951. Uhalali ni pale maswali hayo yanapopima kile kilichokusudiwa. Tasnifu nyingi hutaja alfa kwa fahari na kuishia hapo. Lakini kwaya yaweza kuimba kwa sauti moja safi kabisa wimbo wa Kwaresima siku ya Pasaka. Kupatana kwa sauti hakuonyeshi kwamba wimbo ndio wenyewe.

Mfano tunaoupenda zaidi unatoka Harare, Zimbabwe. Katika miaka ya 1990 daktari wa akili Vikram Patel na wenzake walitaka hojaji ya kutambua watu wenye sonona na wasiwasi. Njia rahisi ingekuwa kuchukua hojaji ya Uingereza na kuigeuza Kishona. Wao walianzia kwa watu: wagonjwa waliofika zahanati na wale waliokwenda kwa waganga wa jadi, wakasikiliza wanavyoeleza shida yao kwa maneno yao. Neno moja lilijitokeza tena na tena: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Ni mara ngapi tumesikia mama akisema, “Baba, sina ugonjwa, ni mawazo tu”?

Kwa njia hiyo ilizaliwa Hojaji ya Dalili ya Kishona, iliyochapishwa mwaka 1997, yenye maswali 14. Haikuishia kwenye kabati la chuo kikuu. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alianzisha mwaka 2006 huduma iitwayo Benchi la Urafiki katika mtaa wa Mbare, ambako akina bibi waliofunzwa huketi kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye shida. Hojaji ile ya maswali 14 ndiyo iliyotumika kuwatambua wanaohitaji msaada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha zahanati 24 na watu 573, ulionyesha kwamba waliohudumiwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tuone mfuatano wake: neno sahihi lilizaa swali sahihi, na swali sahihi likamfikisha mtu sahihi kwenye benchi. Kama neno lingekuwa la kamusi, huenda mama yule angejibu “hapana” kwa kila swali na kurudi nyumbani na mzigo wake.

Jirani zetu Uganda walipita njia inayofanana. Katika wilaya za Rakai na Masaka, Paul Bolton na wenzake waliuliza wanakijiji majina ya mateso wanayoyajua, wakakuta hali mbili zinazokaribiana na sonona. Maana zake kwa Kiswahili ni kujichukia na kujihurumia. Ndipo wakaongeza dalili za kienyeji kwenye orodha ya dalili iliyotoka Marekani, nao ulikuwa msingi wa utafiti wa vijiji 30 uliochapishwa mwaka 2003.

Sasa turudi kwenye Kiswahili chetu. Tuchukue PHQ-9, hojaji maarufu ya maswali 9 iliyotungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, na kila swali lina alama 0 hadi 3. Jibu lenye alama 2 maana yake ni kwamba tatizo lilimpata mtu katika siku zaidi ya nusu ya zile 14. Mfasiri mwenye haraka huandika “zaidi ya nusu ya siku”. Msikilizaji wa kigangoni anasikia nini? Anasikia kutoka asubuhi hadi alasiri! Kumbe ingetosha kusema “siku zaidi ya saba kati ya hizo kumi na nne”. Kosa dogo la maneno, lakini limeingia katika kila swali.

Au tuchukue swali la kukanusha. Tukimwuliza mtu, “Hujakosa usingizi wiki hii?”, naye akajibu, “Ndiyo”, Mswahili anaelewa kwamba hajakosa, amekubaliana na kauli yetu. Katika Kiingereza mtu huyo angesema hapana. Hojaji yenye maswali ya namna hii, ikijazwa na mtu anayefuata mantiki ya Kiingereza, huwageuza wazima kuwa wagonjwa na wagonjwa kuwa wazima. Tunashauri maswali ya kukanusha yaepukwe kabisa.

Lipo pia suala la njaa. PHQ-9 huuliza kuhusu kukosa hamu ya kula. Mahali ambapo ukame umekausha mahindi, mtu anaweza kujibu kwamba hali, akimaanisha hana chakula. Tofauti ya hamu na chakula ni lazima isikike ndani ya swali lenyewe. Na salamu zetu je? Sisi husema “nzuri” kwanza, hata msibani, kisha ndipo tunasema “ila mtoto anaumwa”. Muulizaji anayeanza na “Unajisikiaje?” na kuandika jibu la kwanza ameandika salamu.

Njia ya kuhakikisha tafsiri inayojulikana zaidi ni kurudisha: mtu mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona karatasi ya mwanzo anairudisha kwenye Kiingereza, kisha zinalinganishwa. Richard Brislin aliieleza njia hii mwaka 1970. Ni nzuri, lakini wengi huiamini kupita kiasi. Waingereza husema mtu ana rangi ya buluu wakimaanisha ana huzuni. Tukiandika “nilijisikia buluu”, mrudishaji ataifikisha Kiingereza bila doa, na wote watafurahi kwamba tafsiri imelingana. Wa kushangaa atakuwa bibi wa jumuiya pekee. Kwa hiyo baada ya kurudisha ni lazima kukaa na watu wachache wa aina ile ile watakaoulizwa, kuwasomea swali na kusema, “Mama, hapa umeelewa nini? Ungemwulizaje jirani yako?” Kazi hii huchosha, nasi tunaiona kuwa muhimu kuliko zote.

Kisha hojaji ilinganishwe na mahojiano ya mtaalamu. Sylvia Kaaya na wenzake walifanya hivyo Dar es Salaam, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002: orodha ya Hopkins yenye vipengele 25 ililinganishwa na mahojiano ya kitabibu kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Frateri anayeandika tasnifu hana uwezo wa kufanya yote haya peke yake, wala si lazima. PHQ-9 ya Kiswahili ipo na imefanyiwa utafiti Kenya na Tanzania. Atafute iliyokwisha kupimwa, aangalie kama inatumika bure au ina hakimiliki, halafu aijaribu kwa watu wa eneo lake.

Limebaki suala la anayeuliza. Frateri aliyevaa kanzu akimwuliza mwamini anasali mara ngapi, au kama amewahi kumkasirikia Mungu, jibu litaielekea kanzu. Ni bora swali kama hilo liulizwe na mwingine, au mtu ajaze mwenyewe bila jina. Na asidhani kwamba karatasi ile inalindwa na siri ya kitubio. Hailindwi, kwa hiyo majina yasiandikwe. Kanuni 220 ya Sheria za Kanisa inalinda jina jema la kila mtu na haki yake ya faragha. Mwongozo wa mwaka 2008 wa Idara ya Elimu Katoliki ya Vatikano kuhusu matumizi ya saikolojia kwa waombaji wa upadre unadai ridhaa ya mhusika iliyo huru, ya wazi na iliyotolewa kabla. Nao unawataka walezi wasitumie wenyewe mbinu za kitaalamu za saikolojia. Kama mlezi amezuiwa, frateri asimwambie mtu, “Wewe una sonona,” kwa sababu tu amepata alama 12.

Swali la 9 la PHQ-9 huuliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe au ajidhuru. Kabla ya kubisha hodi nyumba ya kwanza, mtafiti awe ameshazungumza na mganga wa zahanati ya karibu na paroko, na awe na namba ya simu ya kumpigia siku hiyo hiyo. Mtu akijibu “karibu kila siku”, maswali yanasimama hapo, karatasi inawekwa chini, na mtafiti haondoki mpaka mtu huyo awe mikononi mwa mwenye kuweza kumsaidia.